Mobb Deep chini ya G-Unit: Blood Money iliwamaliza, au walishakwisha kabla?

#1 MkandaWaKaseti
Wakuu habari za jioni.

Wiki hii nimekuwa narudia albamu za Mobb Deep, wale marapa wawili Havoc na Prodigy, kwa mpangilio: The Infamous (1995), Hell on Earth (1996), Murda Muzik (1999) na kuendelea, bila kuruka ngoma. Nikifika Blood Money ya 2006, ile waliyotoa chini ya G-Unit, lebo ya rapa 50 Cent, kuna kitu kinakatika. Si kwamba ni mbovu. Biti zinagonga, studio imelipwa, kila kitu kinasikika safi. Tatizo langu ni huo usafi. Zile ngazi zenye giza za maghorofa ya Queensbridge, kule Queens, New York, sizisikii tena. Nasikia wakubwa wawili waliokaribishwa sebuleni kwa mtu, wamekaa vizuri, wanaomba ruhusa ya kubadilisha chaneli.

Dai langu: 50 hakuwaokoa Mobb Deep, aliwamaliza. Anayepinga aje na hoja, matusi aache mlangoni.

#2 Chiza_Temeke
Naweka kambi hapa. Wasimamizi, tafadhali uzi huu usihamishiwe kule kwenye umbea.

#3 BintiWaBiti
Umeanza vizuri ukaharibu kwenye dai. Hao jamaa walishalainika kabla 50 hajawasogelea. Mwaka 2001 kwenye Infamy walitoa Hey Luv na 112. Unawajua 112? Wale waimbaji wa mapenzi wa Bad Boy. Prodigy yule yule wa Shook Ones, ile ngoma yao ngumu, anambembeleza dada wa watu kwa sauti ya upole kabisa. Na hiyo ilitoka Loud, lebo yao ile ile ya zamani mnayoililia kila siku humu. Kama kwenda kibiashara ni kosa, basi tarehe yake ni 2001.

#4 Mzee_wa_Redio_Kubwa
BintiWaBiti umesema kweli ila umeruka kituo cha katikati. Loud ilipofungwa 2002, hawa hawakwenda moja kwa moja kwa 50. Walipitia Jive, wakatoa Amerikaz Nightmare mwaka 2004. Jive, wakuu! Nyumba ya Britney Spears, Backstreet Boys na NSYNC. Ngoma kubwa ya albamu hiyo ni Got It Twisted, prodyuza Alchemist kachukua wimbo wa Thomas Dolby wa miaka ya themanini kageuza biti ya klabu. Mkitafuta lebo ya kibiashara iliyowahi kuwabeba Mobb Deep, ni hiyo. G-Unit angalau mwenye lebo alikuwa rapa, mtoto wa Queens kama wao.

#5 KRS_wa_Kinondoni
Nanukuu #4: "Nyumba ya Britney Spears".

Mzee, heshima yako ipo, lakini Jive kabla ya Britney ilikuwa nyumba ya Boogie Down Productions na KRS-One mwenyewe, A Tribe Called Quest, Too Short, E-40. Usimwage historia yote kwa sababu ya watoto wa pop wa mwisho wa miaka ya tisini. Kwa mtu wa rapu kusaini Jive si aibu hata kidogo.

#6 dogo_janja_07
Samahani wakubwa, hawa Mobb Deep si ndio wale wa Brooklyn walioimba Ante Up?

#7 Chiza_Temeke
Hahahaha. Dogo, toka nje, piga hodi, uingie upya.

#8 Mzee_wa_Redio_Kubwa
Msimcheke, anayeuliza si mjinga. Dogo, Ante Up ni ya M.O.P., yaani Lil' Fame na Billy Danze wa Brownsville, Brooklyn. Mobb Deep ni Havoc na Prodigy wa Queens. Wote wawili-wawili, wote sauti ngumu, na wote waliwahi kuwa Loud: Ante Up yenyewe ilitoka Loud mwaka 2000 kwenye albamu ya Warriorz.

Tena bila kujua umetuletea hoja. M.O.P. nao walisaini G-Unit mwaka 2005, kipindi kile kile. Kabla ya hapo walikuwa Roc-A-Fella ya Jay-Z. Unajua walitoa albamu ngapi kwenye lebo hizo mbili? Hakuna. Walisikika na 50 kwenye albamu ya filamu ya Get Rich or Die Tryin', basi. Albamu yao ya Foundation ilikuja kutoka 2009, wakiwa wameshaondoka. Kwa hiyo MkandaWaKaseti, kabla hujalia kwamba 50 aliwamaliza Mobb Deep, waulize M.O.P. kama wasingeipenda nafasi ya kumalizwa namna hiyo, na CD madukani.

#9 Wakanda_wa_Eastlands
Niaje wasee. Mimi niko Nairobi, naongea kama mtu aliyekulia ndani ya matatu. Hapa mtaani kwetu watu wengi hawakuwajua Mobb Deep kupitia The Infamous. Waliwajulia Outta Control, ile rimiksi ya 50 ya 2005. Ilikuwa inapigwa matatu zote za Eastlands, spika zinatetemesha vioo, na kila mtoto wa shule alikuwa anaijua vesi ya Prodigy kwa kichwa. Baada ya hapo ndio tukarudi nyuma kutafuta Shook Ones na Survival of the Fittest. Kwetu sisi 50 ndiye aliyetufungulia mlango. Nyinyi mliosikia The Infamous ikiwa mpya mna haki ya kununa, lakini sisi tumeingilia hiyo sebule mnayoicheka.

#10 MkandaWaKaseti
#9 hoja yako naipokea. Lakini ona: Outta Control ilifika nafasi ya 6 kwenye Billboard Hot 100. Mobb Deep hawakuwahi kufika hapo kwa ngoma yao wenyewe. Maana yake hiti yao kubwa kuliko zote kwenye chati ni ngoma ya 50, biti ya Dr. Dre na Mike Elizondo, wao wageni. Ndicho ninachosema.

Sasa rudi Blood Money uhesabu viitikio. 50 yupo kwenye Creep, yupo Pearly Gates, yupo kwenye ngoma inayoitwa The Infamous (yaani jina la albamu yao kubwa, na bado kaingia), yupo It's Alright na Mary J. Blige, yupo Have a Party na Nate Dogg. Asipokuwepo yeye kuna Lloyd Banks, kuna Young Buck, kuna Tony Yayo. Kikosi kizima cha G-Unit kimepita kusalimia. Kwenye The Infamous ya 1995 wageni walikuwa Nas, Raekwon, Ghostface, Q-Tip, na hakuna hata mmoja aliyekushawishi kwamba ile ni albamu yake.

#11 BintiWaBiti
Sahihisho dogo: Have a Party ilitangulia kwenye albamu ya filamu ya 50 mwaka 2005, ndipo ikaingizwa Blood Money. Kwa hiyo hata usiihesabu kama ngoma iliyotungwa kwa ajili ya albamu. Ni kiporo.

#12 MkandaWaKaseti
Asante dada, umenisaidia. Albamu ya wakongwe, na ndani kuna kiporo cha mwenye nyumba.

#13 FundiMitambo
Mnazungumzia lebo kana kwamba lebo ndiyo inayopiga kinanda. Mimi nipo studio, mchana nachanganya kwaya na usiku rapu, ngoja niseme la masikio.

Giza la The Infamous halikutokana na mkataba. Lilitokana na jinsi Havoc alivyokuwa anafanya kazi. Anachukua kipande cha rekodi ya zamani, anakipunguza mwendo mpaka kinapoteza sura. Piano ya Shook Ones Part II ni ya Herbie Hancock, kutoka wimbo wake Jessica, lakini imevurugwa kiasi kwamba watu walihangaika nayo miaka mingi, mpaka 2011 ndipo mashabiki wakaibaini. Halafu Q-Tip akaingia kusaidia kwenye ngoma na uchanganyaji: ile ngoma ya snea inayokata masikio na besi iliyokaa chini ni mkono wake pia, na kuna biti humo ni zake kabisa, kama Drink Away the Pain. Vumbi la rekodi liliachwa makusudi.

Kufika 2006 kazi ya aina hiyo ilishakuwa ghali. Ukichukua kipande cha wimbo wa mtu, mwenye wimbo anataka malipo na sehemu ya haki, na kadiri lebo yako ilivyo kubwa ndivyo wanasheria wanavyokuja mbio. Prodyuza wengi wakahamia kwenye kinanda na sauti za mashine. Havoc ana biti nyingi tu kwenye Blood Money, hakunyang'anywa kiti. Ila vifaa, bajeti na masikio ya wanaochanganya vimebadilika. Ukitaka kumlaumu 50 kwa hilo, mlaumu pia kwa mvua.

#14 Chiza_Temeke
"Mlaumu pia kwa mvua" 😂 Fundi leo umekunywa nini?

#15 KRS_wa_Kinondoni
Fundi umegusa upande wa Havoc. Mimi naona aliyeporomoka ni Prodigy. Sikiliza vesi zake za 1995 mpaka 1999, kisha sikiliza kuanzia 2004. Sauti imezama, mwendo umekuwa mzito, mistari mingine haina vina, anaongea tu. Hell on Earth kila mstari ulikuwa na picha. Baadaye ikawa saa, magari, bunduki, tena bila maelezo.

Na chanzo mimi nakiweka Juni 2001, Summer Jam, tamasha la redio ya Hot 97, pale Nassau Coliseum. Jay-Z anaimba Takeover, ngoma yake ya kumchana Prodigy, kabla haijatoka, anaweka kwenye skrini kubwa picha ya Prodigy akiwa mtoto, kavaa nguo za kucheza dansi. Uwanja mzima unacheka. Huyu ni mtu aliyekuwa akiishi kwa kutisha. Na ukumbi uko Long Island, karibu kabisa na Hempstead alikokulia. Umevuliwa nguo mbele ya majirani. Baada ya pale hakuwa yule yule, na ndiyo maana walihitaji mgongo wa mtu mkubwa kama 50.

#16 dogo_janja_07
Si mmesema ni wa Queensbridge? Hempstead tena imetoka wapi?

#17 Mzee_wa_Redio_Kubwa
Dogo unaanza kuwa mkali, vizuri. Havoc ndiye mtoto wa Queensbridge. Prodigy alizaliwa Hempstead, wakakutana shuleni Manhattan, High School of Art and Design, akahamishia maisha yake Queensbridge. Na 50 naye usimchanganye: ni Queens, lakini South Jamaica, upande mwingine kabisa.

Kuhusu ile picha, KRS_wa_Kinondoni, watu huwa wanaikata nusu. Bibi yake Prodigy, Bernice Johnson, alikuwa na shule ya dansi Queens. Mtoto kucheza dansi kwenye shule ya bibi yake kuna ajabu gani? Babu yake, Budd Johnson, alikuwa mpiga saksafoni wa jazi mwenye jina. Ni familia ya wasanii hiyo. Jay-Z alijua watu hawatauliza.

#18 Nesi_wa_Zamu
Huwa nasoma tu humu bila kuchangia, ila #15 imenitoa.

Prodigy alikuwa na selimundu tangu utotoni. Mnaposema sauti imezama na mwendo umekuwa mzito, mnaongelea mtu aliyeishi na maumivu ya mifupa na kulazwa mara kwa mara, kisha anapanda jukwaani kwenye baridi. Mdogo wangu wa kiume anao ugonjwa huu. Akipata shambulio, hata kumaliza sentensi ni kazi. Tanzania ni kati ya nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa nao, kwa hiyo humu ndani lazima kuna wengine wenye ndugu wa namna hiyo na wananielewa. Kuna ngoma yake kwenye albamu yake ya HNIC ya 2000, You Can Never Feel My Pain, anaeleza haya waziwazi. Mdogo wangu si mtu wa rapu kabisa, anapenda taarabu kama bibi kizee, lakini hiyo anayo kwenye simu.

Mwaka 2017 Prodigy alilazwa Las Vegas kwa ugonjwa huo huo baada ya onyesho, akafia hospitali. Alikuwa na miaka 42. Sisemi msimkosoe. Ila kabla ya kuandika "aliporomoka", weka na hilo kwenye hesabu.

#19 KRS_wa_Kinondoni
Dada Nesi, pole na mdogo wako, na asante. Hoja yangu ya mistari naibakiza palepale, maana kuandika si pumzi. Ya sauti nakuachia wewe.

#20 Mpemba_Maskati
Assalaam alaykum. Nesi kanikumbusha jambo ambalo hamjalitaja. Tupac kwenye Hit 'Em Up ya 1996 alimkejeli Prodigy kwa ugonjwa huo huo, mbele ya dunia nzima. Ngoma ile ilitoka lebo ya Death Row kupitia kampuni ya Interscope. Mobb Deep wakajibu kwa Drop a Gem on 'Em, ikaingia Hell on Earth.

Sasa tazameni. G-Unit ya 50 ilikuwa chini ya nani? Interscope. Miaka kumi baadaye Prodigy anatoa albamu kupitia kampuni ile ile iliyosambaza matusi juu ya maradhi yake. Na anajichora G-Unit mkononi. Mimi hapa siwezi kusema kashinda au kashindwa. Bwana, biashara ya Wamarekani haina kinyongo, ina daftari tu.

#21 Wakanda_wa_Eastlands
Maze #20, hiyo imenipita miaka yote hii.

#22 FundiMitambo
Kampuni ileile kwa jina, ila Interscope iliachana na Death Row mwishoni mwa miaka ya tisini. Ya 2006 ilikuwa Interscope ya Eminem, Dre na 50. Tusimbebeshe Prodigy usaliti wa kwenye makaratasi.

#23 Mpemba_Maskati
Sijasema usaliti, ndugu yangu, nimesema daftari. Jimmy Iovine, mkuu wa Interscope, alikuwepo 1996 na alikuwepo 2006.

#24 MkandaWaKaseti
Wakuu mmenipeleka mbali, turudi kwenye albamu. Mnakumbuka Pearly Gates? Hapo ndipo hoja yangu inapokaa kuliko popote.

Ngoma inahusu kufika mlango wa mbinguni na kuomba kupitishwa. Vesi ya Prodigy, anasema akifika huko ana ugomvi na Mungu mwenyewe, na anaanza kuupeleka mbele. Hata ukinunua CD isiyofutwa matusi, ile yenye kibandiko cha onyo, bado maneno yake hapo yamezibwa. Yaani albamu nzima watu wanapigwa risasi, wanawake wanatukanwa, unga unauzwa, hakuna kilichozibwa. Rapa mmoja anaongea na Mungu kwa hasira, wanaziba. Hapo ndipo utajua maana ya lebo ya kibiashara: ukatili unauzika, kufuru inaogopesha maduka.

#25 BintiWaBiti
Hiyo ndiyo posti yako bora kwenye uzi huu, ilipaswa iwe #1.

Lakini inakugeuka. Umesema kila mara kwamba Prodigy alikuja G-Unit kukaa sebuleni kwa adabu. Mtu mwenye adabu ndiye aliyeandika vesi ambayo Interscope ilishindwa kuimeza? Inaonyesha ndani yake hakuna kilichokufa. Kilichozibwa ni maneno tu.

#26 Mpemba_Maskati
Mimi katika hili niko na waliofuta. Msanii ana uhuru wake na mimi nina masikio yangu. Hata ningekuwa na lebo ya mtaani, hiyo ningekata.

#27 Chiza_Temeke
Mpemba akifungua lebo, albamu zote zitatoka na dakika nane tu, zilizobaki ni ukimya.

#28 Mpemba_Maskati
Na zitauzwa vizuri Maskati, wewe cheka tu.

#29 Mchumi_Mtaani
Mimi nimesoma mpaka hapa na naona wote mnatafuta muuaji wakati marehemu alikufa sokoni.

Blood Money ilitoka tarehe 2 Mei 2006. Wiki ya kwanza iliuza kama nakala 106,000 Marekani, ikaingia nafasi ya 3, nyuma ya Tool na Pearl Jam, bendi za roki zilizotoa albamu siku hiyohiyo. Linganisha na The Massacre ya 50, Machi 2005: zaidi ya milioni moja ndani ya siku chache. Mtu aliyezoea namba hizo akiona 106,000 anaona msiba. Lakini kwa Mobb Deep nafasi ya 3 si msiba hata kidogo. Murda Muzik nayo iliingia nafasi hiyohiyo ya 3 mwaka 1999.

Tofauti ni kilichofuata. Murda Muzik ikapanda mpaka platinamu, Blood Money ikashuka. Kwa nini? 2006 watu walishaanza kupakua bure. Rapu ya Kusini mwa Marekani imeshika kila kitu, T.I. kaingia namba moja na King mwezi Machi. G-Unit wenyewe wamechosha watu na bifu zao, rapa wao Game kaondoka kwa kelele. Hapo hata ungewarudisha Mobb Deep na biti za 1995 zikiwa na vumbi lake, wangeuza nini?

#30 FundiMitambo
Platinamu maana yake ni nakala milioni 1 zilizopelekwa madukani, si lazima zilizonunuliwa. Ila hoja yako inasimama.

#31 Mzee_wa_Redio_Kubwa
Mchumi, una jibu la kitabuni, mimi nina la mtaani kwao. Mwaka 2005 50 alimchana Nas kwenye Piggy Bank, pamoja na Jadakiss na Fat Joe. Nas ndiye mtoto mkubwa wa Queensbridge. Muda mfupi baadaye Mobb Deep, ambao ni familia moja na Nas kimtaa hata kama waligombana naye siku za nyuma, wanavaa vesti za G-Unit. Shabiki wa New York ukimuuliza kwa nini hakuinunua Blood Money hatakwambia habari za kupakua. Atakwambia walichagua upande.

Na ajabu ya dunia, Infinite, albamu yao iliyotoka 2025 yenye sauti za marehemu Prodigy, imetoka Mass Appeal, lebo ya Nas.

#32 Mchumi_Mtaani
Mzee, kama mtaa ndio ulioamua, mbona Return of the Mac ya Prodigy na Alchemist, Machi 2007, mtaa huohuo uliibeba juujuu? Prodigy alikuwa bado ni mtu wa G-Unit. Tattoo haikufutika.

#33 BintiWaBiti
Kwa sababu ile ilitoka Koch, lebo huru, bajeti ndogo, prodyuza mmoja, hakuna 50 kwenye kiitikio. Hapa sasa nampa MkandaWaKaseti nusu ya pointi. Mtu yuleyule, koo lileile, miezi kumi na kitu baadaye, na inasikika kama mtu kafunguliwa kamba. Nusu tu lakini! Alchemist alikuwa naye tangu zamani, hata Got It Twisted ya Jive mnayoikejeli ni ya Alchemist.

#34 MkandaWaKaseti
Nusu naichukua, naweka mfukoni.

#35 KRS_wa_Kinondoni
Na mwaka huo huo wa 2007 Prodigy kahukumiwa kwa kesi ya bunduki aliyokamatwa nayo 2006. Akaingia ndani mwanzoni mwa 2008, katoka Machi 2011. Baada ya Blood Money hakuna albamu nyingine ya Mobb Deep iliyotoka G-Unit. Hata kama 50 angetaka kuendelea, angerekodi na nani?

#36 Nesi_wa_Zamu
Alipotoka aliandika kitabu cha mapishi ya gerezani, Commissary Kitchen, 2016. Mtu mwenye selimundu akila chakula cha jela kila siku anaumia, kwa hiyo alikuwa anajipikia kwa vitu vya duka la wafungwa. Hiki nakipenda kuliko kile cha maisha yake cha 2011.

#37 dogo_janja_07
Rapa kaandika kitabu cha mapishi?? Huku kwetu akiandika hivyo anafutwa kwenye kundi la WhatsApp.

#38 Chiza_Temeke
Dogo akishajua kupika ugali usiwe na mabuja ndipo aongee.

#39 Wakanda_wa_Eastlands
Swali kwa mleta uzi: ungekuwa Havoc mwaka 2005. Loud imekufa, Jive mmeshaondoka, mwenzako mgonjwa, mna watoto. 50 anakuja na pesa, ndiye mkubwa kuliko wote mjini. Unakataa?

#40 MkandaWaKaseti
Sikatai. Nachukua pesa, nakata viitikio viwili vya 50, naondoa Have a Party, na Pearly Gates naiacha ilivyo.

#41 FundiMitambo
Biti ya Pearly Gates ni ya Exile, yule wa Los Angeles anayefanya kazi na rapa Blu. Jamaa wa rapu ya chini kwa chini kabisa, hana uhusiano wowote na mambo ya klabu. Mnasema G-Unit iliwapeleka kibiashara, halafu biti mnayoisifu kuliko zote imetoka kwa prodyuza wa chini kwa chini, kupitia hiyohiyo G-Unit.

#42 BintiWaBiti
Basi nairudisha ile nusu pointi.

#43 MkandaWaKaseti
Hairudi, nimeshaitumia. Kesho naanza Hell on Earth upya, nikifika Drop a Gem nitarudi kumjibu Mpemba.